Kisu cha Soksi cha Marehemu Baba

Kama umekaa hapo unisikilize halafu unicheke, basi cheka sasa umalize, tuendelee. Mie nishachekwa na watu ninaowaheshimu, na bado nasema lile lile: haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye maegesho ya magari ya ofisi yetu Al Khuwair, hapa Maskati, wakati hakuna mtu mwenye akili zake anayesimama juani bila sababu. Sikuwa na homa. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa nimechutama nyuma ya gari langu nakaza skrubu ya kibao cha namba, na kile nilichokuwa nakazia ndicho kilicholeta balaa lote.

Kilikuwa kisu. Lakini si kisu unachokifikiria wewe.

Marehemu baba alikuwa mpiga kirba jeshini. Kirba ni lile zumari la mfuko, unaubana mfuko kwapani, unapuliza, na sauti inatoka kama watu kumi wanalia pamoja. Watu husema, Mwarabu na zumari la Waskoti wapi na wapi? Lakini ndivyo ilivyo hapa Omani, watu wanalipiga miaka na miaka. Baba alikuja kutoka Unguja akiwa kijana asiyejua Kiarabu cha kuombea maji, akaingia jeshini, akafundishwa kirba na mzee mmoja wa Kiskoti. Sisi nyumbani tulimjua kwa jina la Bwana Maki tu. Mie sikuwahi kumwona, alirudi kwao kabla sijazaliwa. Siku aliyoondoka aliinama, akachomoa kisu kwenye soksi yake, akampa baba.

Ndiyo, kwenye soksi. Waskoti wakivaa ile sketi yao ya miraba, huvaa na soksi nzito za sufu mpaka chini ya goti, na ndani ya soksi huchomeka kisu kifupi, mpini unachungulia nje. Kwao ni pambo la heshima, kama khanjari yetu kiunoni. Cha baba kilikuwa na mpini mweusi uliochongwa nakshi za kamba zilizosokotana, na kichwani kijiwe cha manjano, rangi ya asali. Ila fundi aliyekitengeneza hakuridhika na pambo. Ndani ya mpini alificha vyombo: bisibisi ndogo, kifungulio cha chupa, kibano, mkasi mfupi kuliko kidole, na sindano nene ya kutobolea ngozi. Unaingiza ukucha mahali pake, chombo kinachomoka.

Baba alikitumia kwa kila kitu. Alikaza miwani ya mama, alitutoa miba miguuni, alitoboa matundu mapya kwenye mikanda yetu. Kaka yangu Salim na mie tulikuwa tukigombania kukishika, na baba alikuwa akitwambia, "Kitakuwa chenu nyote wawili, na msinitie ghasia."

Alipofariki, vitu vyake tuligawana bila maneno. Salim, mkubwa wangu kwa miaka minne, alichukua kirba. Kisu nikaachiwa mie, kwa sababu mama anakaa kwangu Ansab na alitaka kiwe karibu naye. Salim mwenyewe ndiye aliyenitia mkononi. "Chukua wewe," alisema, "mie ntakipoteza dukani." Ana duka la kutia picha fremu kule Ruwi, limejaa vioo na vipande vya mbao hata pa kukanyaga hapana. Miaka sita ikapita. Niamini, katika miaka sita hiyo hapakuwa na siku moja ambayo kisu kile kilikuwa neno baina yetu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, kiangazi kimepamba moto. Saa nane u nusu ofisi zikafungwa, wenzangu wakakimbilia magari yao. Mie nikachelewa kidogo kwa ajili ya faili moja, na niliposhuka maegesho yalikuwa matupu, lami inanuka kwa joto. Nikaona kibao cha namba nyuma ya gari kinaning'inia kwa skrubu moja. Nikatoa kisu kwenye kishubaka cha gari, nikachomoa bisibisi, nikachutama.

"Taratibu," sauti ikasema juu ya kichwa changu. "Ukikaza kwa pupa utaivunja ncha."

Kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha vijana wa Kikenya wanaofanya kazi mkahawani pale chini ya ofisi, hicho nimekizoea, kila asubuhi tunataniana nao. Hiki kilikuwa Kiswahili cha Unguja mjini, cha watu wazima, kama anavyosema mama. Nikainua kichwa nikitegemea kumwona mzee wetu mmoja wa kanzu na kofia. Nikamwona Mzungu.

Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe, masharubu yamekatwa sawasawa. Kaptura ya kaki. Shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Na miguuni, soksi nzito za sufu za kijivu, zimekunjwa chini ya goti. Kwenye jua lile! Mie kanzu ilikuwa imeniganda mgongoni kwa jasho. Yeye usoni hakuwa na hata tone.

"Umejifunza wapi Kiswahili, mzee?" nikamuuliza.

"Kwa babako."

Nikasimama. "Unamjua baba?"

"Nnamjua. Na hicho kisu nnakijua zaidi. Kina vyombo vingapi?"

"Vitano."

"Sita," akasema, akanyoosha mkono.

Usiniulize kwa nini nilimpa. Kwani mtu akikunyooshea mkono kwa adabu, mzee wa umri ule, unafanyaje? Akakishika kile kijiwe cha manjano kwa vidole viwili, akakizungusha kidogo, kikatoka, na nyuma yake ukatoka ujiti wa chuma mwembamba kama unywele wa farasi. Baba amekaa na kisu kile umri wake mzima. Salim na mie tumekichezea utotoni mpaka tukachapwa. Hakuna kati yetu aliyejua kuwa kijiwe kile kinatoka.

"Wa kusafishia mwanzi wa zumari," akasema. Akaurudisha, akanipa kisu changu. Kilikuwa baridi. Sisemi kilipoa kidogo, nasema baridi ya friji, na dakika moja nyuma kilikuwa kinaniunguza vidole.

Hapo ndipo alipoegemea gari. Wewe umewahi kuishi Maskati wakati wa kiangazi? Basi unajua. Buti la gari lililoshinda juani tangu asubuhi huligusi bila kitambaa. Yeye aliweka kiganja wazi juu ya bati, akauelemeza mwili wake wote hapo, akaendelea kuzungumza kama mtu aliyeegemea meza ya kahawa. Mie macho yangu yalikuwa kwenye kile kiganja, nangoja aruke kwa kuungua. Hakuruka.

"Nduguyo kapata mtu wa kukinunua," akasema.

"Ndugu yangu yupi?"

"Unao wangapi? Salim. Wa Ruwi, wa fremu. Leo baada ya Magharibi atakupigia simu, atakuomba akae nacho siku moja. Siku moja tu, atakwambia. Ukimpa, hukioni tena."

"Na wewe inakuhusu nini?"

Akanitazama vile anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la kipumbavu. "Mie nilikitoa kwa mtu mmoja. Sikukitoa kwa wawili."

Simu yangu ikalia ndani ya gari. Nikageuka kuichukua, ni mke wangu ananiambia nipitie mkate. Nilipogeuka tena hapakuwa na mtu. Na elewa, pale si mahali pa kujificha. Hakuna mti, hakuna ukuta, ni lami tupu mpaka kwenye barabara kuu. Juu ya buti palikuwa na alama ya kiganja, ya maji, kama ile inayoachwa mezani na gilasi yenye barafu. Ikakauka nikiiangalia, kidole kimoja kimoja.

Unadhani nilikimbia? Unadhani nilisoma dua? Hapana. Njia nzima mpaka Ansab nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: huyu tapeli katumwa na nani? Kajuaje duka la Salim? Kajuaje kisu kiko kwangu? Ile baridi na kile kiganja nilivifukuza kichwani, kwa sababu havikuwa na maelezo. Jina la Salim lilikuwa na maelezo. Salim kamtuma mtu aje akitazame kisu, akithamini. Nilipofika nyumbani na mkate wangu, nilikuwa nishaamini nusu.

Magharibi ikapita. Simu ikalia. Salim.

Akauliza hali ya mama, presha yake, kama anakula vizuri. Nikamjibu. Kisha akasema, "Hebu nambie, kile kisu cha baba kipo?"

"Kipo. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakitaka. Siku moja tu."

"Cha nini?"

"Nakitaka tu. Mpaka nikutajie cha nini?"

"Ndiyo, nitajie."

"Siku moja, yakhe. Kesho kutwa nakurejeshea."

"Salim, una mnunuzi?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema polepole, kama anasema na nafsi yake, "Kumbe kweli."

"Kweli nini?"

"Basi. Kaa nacho." Akakata.

Hilo "kumbe kweli" lilinikosesha usingizi. Nililigeuza kila upande, na kila upande nilioligeuzia lilikuwa na hatia ya Salim ndani yake.

Wiki tatu hatukusemezana. Salim akawa anakuja kumtazama mama asubuhi, wakati anajua mie niko ofisini. Niliporudi nilikuwa nawauliza watoto, "Ami yenu kaingia chumba gani? Kakaa wapi? Katoka na mfuko?" Kisu nikakihamisha kutoka garini nikakitia kabatini, kutoka kabatini nikakizika kwenye debe la mchele, mpaka mwisho nikawa natembea nacho mfukoni mwa kanzu. Mke wangu akaniuliza kama nina maadui. Nikamwambia asiingilie.

Na nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Alkhamisi moja nilikwenda Ruwi, nikaegesha mkabala na duka la ndugu yangu, injini inawaka, miwani ya jua usoni, nikakaa saa nzima nikimpeleleza. Alikuwa anafagia vigae vya kioo. Akaingia mwanamke na kitu kilichofungwa kwa shuka, nikasema, huyo, huyo ndiye mnunuzi. Akakifungua. Ilikuwa picha ya harusi, kioo kimevunjika. Nilimwona kaka yangu anaipima kwa rula, kainama, kichogo chake cheupe kwa mvi, na sikuona haya. Nilikasirika kwamba sijamkamata.

Mama alikuwa hasemi, ila alikuwa anaacha chakula nusu sahani. Siku moja akaniuliza, "Mna nini nyie?" Nikamjibu hatuna kitu. Akanitazama muda mrefu, akageukia ukutani.

Mwisho wa wiki ya tatu, saa ile ile ya kutoka kazini, nilimkuta yule Mzungu analingojea gari langu. Nguo zile zile. Soksi zile zile. Na nikwambie kweli, nilifurahi kumwona. Ndipo ujue nilikuwa nimefika wapi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Basi nipe mie nikuwekee, usije ukaibiwa. Sema kwa mdomo wako: nimekupa."

Nilikuwa nishakitoa mfukoni. Mpini ulikuwa kiganjani mwangu na mdomo nimeshaufungua. Sijui ni haraka gani iliyomshika, lakini hakungoja. Akasema, "Mwenzio keshasema. Umebaki wewe."

Nikasita. "Mwenzangu nani?"

"Salim. Leo hii. Kasema nimekupa."

"Salim anakutoleaje kitu asichokuwa nacho?"

"Kisu cha wawili hutolewa na vinywa viwili," akasema, na mara ya kwanza sauti yake ikawa na kitu kama njaa.

Lakini si yeye aliyeniambia alikitoa kwa mtu mmoja? Sasa vipi kimekuwa cha wawili? Tena ikanijia kama kofi: ikiwa kamwendea Salim leo, atakuwa alimwendea na siku ile. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikaanza Ayatul Kursi, ulimi hautulii, naanza upya kila baada ya maneno matatu. Nikaondoka. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona kasimama pale pale. Sasa kitu ukikiacha nyuma si kinapungua, kinakuwa kidogo kidogo mpaka kinapotea? Yeye hakupungua. Mpaka naingia barabara kuu, kioo kilimwonesha vile vile, wa kimo kile kile, kama nimesimama mbele yake.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Ruwi. Ilikuwa wakati wa mapumziko ya mchana, maduka yote yamefungwa, mlango wa bati wa Salim umeshushwa mpaka magotini. Nikaugonga kwa ngumi. Akachungulia kwa chini, akaniona, akataka kuushusha kabisa.

"Mzungu mzee," nikamwambia haraka haraka. "Soksi za sufu."

Mkono wake ukabaki pale pale kwenye bati. "Ingia," akasema.

Nikapita chini ya mlango. Tukasimama baina ya fremu tupu, tunaangaliana. Nikamuuliza alimjia lini. Jumatano ile, akasema. Saa ngapi?

"Saa nane u nusu, na kitu. Nilitazama saa kwa sababu nilikuwa nimelala hapo nyuma, nikafungua macho nikamkuta kasimama ndani, na mlango uko chini kama hivi ulivyo. Nikashangaa, mzee huyu kaingiaje kwa kutambaa?"

Saa nane u nusu na kitu. Saa ile mie nilikuwa Al Khuwair nimechutama nyuma ya gari, na kiganja chake kiko juu ya buti langu. Nikamwambia Salim. Akakaa chini, juu ya maboksi.

"Alikwambia nini?" nikamuuliza.

"Kaniambia umepata mnunuzi. Kasema, muombe kisu siku moja tu, umjaribu. Akikupa, mimi muongo. Akikunyima, ujue keshakiuza." Akainua uso. "Ukaninyima. Tena na neno la mnunuzi likatoka kinywani mwako wewe mwenyewe, mie sijalitaja."

"Na leo?"

Salim akafikicha macho. "Leo kaja tena. Kaondoka kama nusu saa kabla hujagonga. Kaniambia, sema nimekupa. Nikasema. Nilikuwa na hasira na wewe. Nikasema chukua, nimekupa, mie kisu hakinihusu tena."

Alilia. Salim, ambaye kwenye mazishi ya baba hakulia mbele za watu, alilia baina ya mafremu yake, na mie nikamshika bega. Kama hadithi ingekwisha hapo ingekuwa nzuri, sivyo?

Tulikwenda kwa mama pamoja, kila mtu na gari lake. Tukamweleza yote. Hakucheka, hakupiga kelele. Aliniagiza bahasha ya picha za zamani chini ya kitanda chake, akatafuta, akatoa picha ya kikosi cha kirba: baba kijana kabisa, mfuko kwapani, na pembeni yake mwalimu.

"Huyu?" akauliza.

Salim na mie tulijibu pamoja. Masharubu yale. Soksi zile.

"Bwana Maki huyu. Kafa siku nyingi, wanangu. Babenu aliletewa barua, nyie wadogo."

"Mama, alikuwa akisema Kiswahili?"

"Kiswahili?" Mama akashangaa. "Hata jambo hakuijua. Babenu akisema naye Kiarabu cha jeshini na Kiingereza cha kubabaisha. Kiswahili atakitoa wapi?"

Basi nani alisema nami? Nani alisema na Salim? Mama akaiangalia ile picha, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Kwamba baba alimuuliza yule bwana kwa nini hakiachi kisu kwa jamaa zake kule Uskoti, kitu kizuri kama kile. Akajibiwa kwamba ana ndugu mmoja tu, mwanamume, na hawasemezani. Baba hakuuliza zaidi.

"Kiwekeni hapa mbele yangu," mama akasema, "mpaka nijue la kufanya." Nikakitoa mfukoni, nikakiweka na ala yake kwenye sinia. Mama akakifunika kwa leso. Mke wangu na watoto walikuwa kwao siku hiyo. Ndani ya nyumba tulikuwa watatu.

Mama akainuka kwenda kutia udhu, Alasiri imeingia. Kengele ya geti ikalia.

Hapa nataka unisikilize vizuri sana. Mie niliinuka kwanza nikatoka. Salim alichelewa kidogo, alisema anatafuta viatu vyake. Getini hapakuwa na mtu. Salim akanifikia, akasema ngoja nitazame kona ile, akatoka barabarani. Mie nikarudi ndani peke yangu. Niliingia sebuleni, na leso iko pale pale juu ya sinia, imelala. Imelala sana. Nikaifunua. Ala ipo. Kisu hakipo.

Salim akaingia akanikuta nimeshika leso mkononi.

Tulipekua kila kitu. Tuliinua zulia, tukavua mito foronya, tukamwaga taka za jikoni sakafuni. Kisha Salim, bila ya kuombwa, akageuza mifuko ya kanzu yake nje. Nikajiona na mie nageuza yangu. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, mifuko inaning'inia, kila mmoja anautazama mfuko wa mwenzake. Mama akatoka maji yanamdondoka mikononi, akatuona.

"Msipekuane!" akalia. "Wanangu, msipekuane!"

Huu mwaka wa pili sasa. Tunasemezana. Sikukuu tunakula pamoja, mama akiumwa tunapokezana hospitali. Salim ameapa kwa msahafu, na mie nimeapa, na mama anaamini kwamba yule aliyekuja kukitaka ndiye aliyekichukua. Mie naamini hivyo pia. Mchana, mbele ya watu, naamini kabisa. Lakini nikiwa dukani kwa Salim, akigeuka kumhudumia mteja, mkono wangu unafungua droo. Naukuta umeshafungua. Na binti yake mdogo, siku moja kaja kucheza na wanangu, nilimkuta chumbani kwangu anatazama chini ya mto. Nikamuuliza anatafuta nini, akajibu kwa ukweli wa mtoto, "Baba kaniambia nitazame tu, Ami, nisiguse." Sikumkemea. Ningemkemea kwa uso gani, na mwanangu mie nimeshamtuma kwao mara mbili?

Alitaka kisu, au alitaka hili? Sijui. Nimechoka kujiuliza.

Ila wewe nnakuusia, na usilichukulie kuwa neno la mtu anayezeeka. Atakuja mtu kwako. Atakuwa na adabu, atasema lugha ya nyumbani kwenu, atakutajia majina ya watu wako bila kukosea, na la kwanza atakalokuonesha litakuwa kweli tupu. Kisha atakuletea habari za nduguyo, na nduguyo hayupo. Usibishane naye, na usimfukuze. Mwambie, "Subiri kidogo, mzee, namwita ndugu yangu aje tukusikilize pamoja." Akiwa ni mtu, atasubiri.